Mashine Iliyokatazwa Kuuliza

Kansanga, Jumanne usiku, Mei 1975

Na bado Kapteni anayetusimamia anasema mkaidi ni mimi! Programu niliyoijenga peke yangu, inayotafsiri fomula zetu kwa kompyuta ya wizara, husimama ikikuta utata. Fomula moja inasoma namba kwenye kadi, ya pili inachapa jibu, na katikati hakuna kinachosema kama namba ni nzima au ya desimali. Basi inauliza.

"Fundi, mashine ya serikali haiulizi maswali," Kapteni alisema leo. "Ikisie tu, iendelee."

"Afande, ikikisia nzima, mbili na robo tatu inakuwa mbili."

"Unabishana na mimi?"

Nimeliondoa swali. Ningeiambia ikisie desimali siku zote, lakini kumbukumbu ya mashine haitoshi. Kesho inagawa sukari ya kambi, kilo mbili na robo tatu kwa kila mtu. Kila askari atapunjwa robo tatu ya kilo, kisha watatafuta mwizi. Mimi sina shahada wala mjomba jeshini, na Kapteni hatakumbuka alichosema.

Nimemweleza mke wangu, Zaituni. Hakulia. Ametoa koti langu zito, akalitundika mlangoni.

"Kule wanakopeleka watu," amesema, "wanalala kwenye saruji."