Maua Chini ya Televisheni

Jumapili, 10 Agosti 2025
Siamini! Leo nimehamisha televisheni ya Magokoro, nyanya yangu, nikaondoa vitambaa vyake vyote vilivyofika sakafuni – kumbe meza ni cherehani! Ya kukanyaga kwa miguu! Mimi, fundi wa nguo ninayekodi mashine ya wenyewe kule Keroka, nimekula ugali mbele ya cherehani hii maisha yangu yote. Nimekiinua kichwa chake: cheusi ti, maua ya dhahabu mazima kabisa. Vitambaa vimeyatunza.

Magokoro anasema babu aliinunua Keroka, akaibeba begani hadi hapa Magwagwa. Babu alipofariki, yeye akaifunika, hata sijazaliwa. Kisha akasema, chukua, ni yako. Nimecheza hadi kuku wakatoka mbio.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemtumia Mzee Shueib picha – yule wa Kisii mjini anayeuza cherehani na kukusanya za zamani. Akataka namba iliyo ubavuni. Nimeituma. Akapiga simu mwenyewe! Herufi zilizo mbele ya namba ndizo zinazotaja mwaka, na mashine hii inamzidi Magokoro kwa umri! Badala yake atanipa cherehani ya umeme na overloki, ile ya kufunga kingo za nguo. Overloki! Duka langu mwenyewe! Ila maua yasiguswe, amesema, maana thamani yote iko kwenye maua.

Alitaka kuja Jumamosi. Nikamwambia sisi Wasabato, siku hiyo hatuuzi hata sindano. Akacheka. Basi Jumapili.

Nimempigia Magokoro. Akauliza, ataibeba siku hiyo hiyo? Ndiyo! nikapiga kelele. Halafu akasema sawa, atamtayarishia mgeni nyumba.

Ijumaa, 15 Agosti
Keroka. Nimeshona mkono wa blauzi ndani nje. Mwenye blauzi kanigombeza, nami nacheka tu. Wazimu huu!

Jumamosi, 16 Agosti
Sabato. Nimeshukia kanisani Magwagwa, kisha nyumbani. Nyumba inanuka rangi – milango, nadhani. Nilipogusa vitambaa vya cherehani Magokoro akanizuia: vyombo vya kazi viache leo. Haya. Kesho!

Jumapili, 17 Agosti
Mzee Shueib amekuja na pikapu. Nikafunua kwa madaha, kama anavyofunuliwa bibi harusi.

Kijani!

Kichwa kijani, gurudumu kijani, namba kijani! Rangi ya geti letu! Kumbe Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, Magokoro alimwita Alfayo, jirani aliyetupakia geti rangi, amalizie mkebe kwenye cherehani. Nikapiga yowe. Halafu kicheko kikanishika, nikakaa chini.

"Nyanchera, mgeni haonyeshwi kitu kilichochakaa," Magokoro akasema. Ni kweli, ndivyo alivyo. Mchungaji alipotutembelea, Magokoro alipaka rangi hata viti vya jikoni.

Mzee Shueib hakukasirika. Akalowesha kitambaa kwa thina ya kuyeyusha rangi, aliyoitoa kwenye pikapu, akasugua taratibu pembeni. Jani la dhahabu likatokea! Akasema rangi bado mbichi, nusu saa tu itatoka yote, na neno lake liko palepale. Nikaruka! Nikageuka kumkumbatia Magokoro.

Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amevuta kiti, amevua viatu, ameweka miguu kwenye pedali. Ikaenda! Bila uzi, bila kitambaa, laini kabisa. Mkanda wa gurudumu ni mpya. Sikuununua mimi; basi ni yeye. Na macho yake ameyafumba.

Akaniuliza kwa Ekegusii, mgeni asielewe: kwa hiyo hata ikiwa hivi bado anaitaka?

Ee Magokoro wangu! Nampenda hadi nataka kulia, na duka nalitaka vilevile. Si ungesema tu kwamba hutaki iondoke, Magokoro?

Mzee Shueib kitambaa mkononi, ananitazama: "Nisugue au niache, binti?"

Nikasema ngoja nilete chai. Sasa niko jikoni naandika, chai imefurika imezima moto. Wananiita wote wawili. Na ile mashine bado inakwenda.