Jicho la Kioo Mtoni Ruvu

Kijiji cha Dutumi,
S.L.P. Mlandizi,
Kibaha.

10 Juni, 1979

Mpendwa mdogo wangu Mfaume,

Asalaam alaikum. Hujambo huko uliko? Afya yako inaendeleaje? Ule mguu uliotuandikia kwamba umevimba kwa sababu ya buti, umepoa? Shikamoo yako niliipata katika barua ya mwezi wa tatu, nami nakuitikia marahaba, Mungu akuzidishie umri. Barua ile mama aliniomba nimsomee tena na tena, mpaka akawa ananitangulia maneno.

Mimi mwili wangu mzima. Mama yupo, ila kifua kinambana asubuhi, na macho yamezidi kufifia. Sasa anatutambua kwa sauti na kwa mwendo. Zaidi ya hapo siwezi kukuandikia kwamba sote hatujambo, maana nitakuwa nakudanganya. Keti, Mfaume. Kama una mwenzako karibu, mwambie asiondoke kwanza.

Biubwa, mke wa kaka yetu Jumbe, amefariki. Na mtoto wao Mwanahalima, somo yake mama, naye hatunaye. Maji ya Ruvu yaliwachukua wote wawili mwezi uliopita, bondeni, kwenye mpunga. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sisi hapa kila baada ya swala tulikuwa tunakuombea wewe uliye vitani. Gari likisikika barabarani mama anashika kifua, anadhani ni watu wa jeshi wanatuletea habari zako. Hofu yetu yote tuliipeleka huko Uganda. Hapa nyumbani hatukubakiza hata kidogo.

Ulipoondoka kujiunga na jeshi, kabla ya vita hivi, kile chombo cha mtoni kilikuwa hakijaja, kwa hiyo itanibidi nikueleze. Walikuja wataalamu wa mradi mmoja wa maji, wakasimika nguzo ya chuma kwenye kona ya mto, juu kidogo ya kivuko. Ndani ya maji wakaweka macho mawili ya kioo yanayotazamana. Jicho moja lina taa ndogo, linatoa mwanga. La pili linaupokea ule mwanga. Maji yakiwa safi, mwanga unapita. Mvua kubwa ikinyesha kule milima ya Uluguru, mto huanza kuteremsha tope zito kabla maji yenyewe hayajafika kwetu. Tope likiuziba mwanga, jicho la pili linaona giza, na waya unaliza kengele huku kijijini, penye ghala. Hapo watu wanajua maji makubwa yako njiani, wanatoka bondeni wanapanda kilimani.

Fundi wa mradi, kijana mpole anayeitwa Fabian, alimchagua kaka Jumbe awe mtunzaji. Unamjua kaka yako akipewa kazi. Kila asubuhi alishuka mtoni kuyafuta yale macho kwa kitambaa, taratibu, kama anamwosha mtoto uso.

Na chombo kilifanya kazi, siwezi kukisingizia. Masika ya mwaka wa kwanza kengele ililia mchana wa jua kali, mbingu nyeupe, hakuna aliyefikiria mvua. Watu wakapanda kilimani wanacheka. Hawajakaa vizuri, bonde lote likawa maji. Hakupotea hata kuku. Siku ile kaka Jumbe alibebwa mabegani.

Baada ya hapo watu wakawa na moyo. Zamani tulilima kandokando ya bonde tu, tukaogopa katikati. Sasa wakaingia mpaka chini kabisa, kwenye udongo mweusi, wakajenga madungu ya kulindia ndege, wakakaa huko na watoto wao tangu mpunga unapochanua hadi unapovunwa. Waliokuwa wakiutazama mto wakaacha kuutazama. Kwa nini wautazame, wakati kuna jicho?

Kisha vita vikaja. Magari ya mradi yakachukuliwa, Fabian akaacha kuja, na ile taa ya mtoni ikaanza kuchoka. Globu yake si ya dukani, inatoka Ulaya. Kaka alikwenda nayo Kibaha, akaenda nayo Dar es Salaam, akazunguka Kariakoo duka kwa duka. Hakuna. Mafuta ya taa yenyewe yalikuwa shida, seuze globu ya namna ile. Sasa taa ikififia, Mfaume, lile jicho la pili haliwezi kujua kama ni taa imefifia au ni tope limekuja. Lenyewe linaona giza tu. Linaliza kengele.

Basi masika haya kengele ikawa inalia bure. Watu wanakimbia na watoto mgongoni, wanateleza kwenye matope, wanakaa kilimani wananyeshewa, maji hayaji. Wakirudi wanakuta ndege wamekula mpunga. Ikalia tena, na tena. Mwisho ukaitishwa mkutano, na mwenyekiti wetu, Mzee Matano, akasema kengele hii inatuchezea, izimwe mpaka fundi aje.

Kaka Jumbe akasimama. Akasema, "Ikilia bure mnachoka. Ikinyamaza, je?"

Watu wakaguna. Unajua aliyemjibu ni nani? Biubwa, mkewe. Alikuwa amefunga mkono kitambaa kwa kuanguka siku iliyotangulia. Alisema kwa upole, mbele ya watu wote, "Baba Mwanahalima, mimi nimechoka kukimbia. Mwanao nusura nimwangukie. Izime, tulinde mpunga wetu. Wewe utuangalizie mto kwa macho yako."

Kaka aliketi, na watu wakanyoosha mikono kwamba izimwe. Kisha akaondoka mkutanoni, akaenda ghalani, akaufungua waya kwa mikono yake mwenyewe.

Na kweli aliuangalia mto. Alijikalisha pale penye nguzo kutwa kucha, chakula analetewa, akitota na mvua. Mwili wa mtu si chuma. Homa ikamshika mpaka akawa anatetemeka na meno yanagongana. Akaomba mtu ampokee. Huyu akasema ana palizi, yule akasema atakuja kesho. Biubwa mwenyewe ndiye aliyemwinua, akamleta huku kwa mama na mimi, akamlaza, akanikabidhi uji. Mwanahalima akataka kubaki na bibi yake. Mama yake akamwambia, "Twende ukafukuze ndege, jioni tutakuja kumwona baba." Mtoto akanifuata mlangoni, akanipa kombeo lake nimfungie fundo vizuri. Nikalifunga. Wakaenda.

Siku ile kwetu halikudondoka hata tone. Jua lilikuwa limewaka vizuri, nguo zangu zilikuwa zimekauka kwenye kamba. Nilikuwa nazianua niliposikia kelele kutoka bondeni. Kwanza nilidhani watu wanafukuza nguruwe. Kaka Jumbe alizijua kabla yangu. Alitoka ndani na shuka mwilini, macho mekundu, akapita mbele yangu anakimbia, akaanguka, akainuka. Nilipomfikia pale ukingoni palikuwa hapana bonde tena. Palikuwa na maji ya rangi ya kahawia yanakwenda kwa kishindo, na paa la dungu linazunguka katikati yake, halina mtu. Ilibidi wanaume wamkalie kaka ili asijitupe.

Biubwa alipatikana chini, karibu na Mlandizi, amenaswa na matete. Tulimzika siku hiyo hiyo. Wengine kutoka kijijini nao wamekwenda, akiwemo Mzee Mwishehe na mkewe. Mwanahalima hakupatikana. Wanaume walitafuta mpaka maji yakarudi mtoni, wakapekua kila kichaka. Hatuna hata kanga yake.

Sasa nikueleze jambo linalonichoma zaidi. Walipokuja maofisa kuuliza ilikuwaje, Mzee Matano alijibu kwamba mtunzaji ndiye aliyefungua waya. Akanyamaza hapo hapo. Mkutano hakuutaja, mikono iliyonyooshwa hakuitaja, na watu walikuwa wamesimama pale wanatazama chini. Nilitaka kusema, kaka akanishika mkono. Afisa akamuuliza, "Ni kweli?"

Akasema, "Ni kweli. Niliufungua mimi."

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakujitetea. Akaniambia, "Mwanaamina, nikisema kweli yote, itabidi niseme aliyenikata kauli ni nani. Amelala kaburini. Nimtaje?"

Walimpeleka Kibaha wakamhoji, wakamrudisha. Serikali haikumfunga, ila kijiji kimemfunga. Anatoa salamu msikitini haitikiwi. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alikuja kumwaga majivu mlangoni petu. Sikuweza kumkasirikia. Nilifagia tu. Mwishowe mjomba Pazi alikuja kutoka Kisarawe, akamchukua kaka kwenda kukaa naye Chole, huko huko Kisarawe. Mjomba ameleta habari kwamba analima muhogo tangu alfajiri, hali chakula mpaka alazimishwe, na hajazungumza na mtu. Nilidhani labda akiwa mbali na mto atapumua. Naona sivyo.

Na Fabian amekuja. Wiki iliyopita, Mfaume, na globu mpya mfukoni, imefungwa kwenye pamba. Hakuwa na habari ya lolote. Aliposhuka kwenye lori alikuwa anatabasamu, akauliza, "Mzee Jumbe yuko wapi?" Nilipomweleza, alikaa chini barabarani, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Alilia kama mtoto. Halafu akaenda mtoni akaibadilisha ile taa, kwa kuwa ndiyo kazi aliyotumwa, akaunga waya, na ili ajue kama chombo kimepona akaliziba jicho kwa kiganja.

Kengele ikalia. Watu wote wakatoka nje wakasimama. Hakuna aliyekwenda kilimani. Kule bondeni hakuna tena mpunga wala mtu.

Mama alikuwa ndani kitandani. Nikasikia ananiita, "Mwanaamina, hiyo si kengele? Watu wamepanda?" Nikamwambia fundi anajaribu tu. Akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, somo yangu yuko Chole, kule hakuna mto."

Hapo ndipo ninapokuomba, mdogo wangu. Msiba wa Biubwa mama anaujua, alisikia vilio na tulimketisha kwenye tanga. La mtoto tulimficha, kwa sababu siku ile kifua kilikuwa kimembana vibaya, na mganga wa zahanati alituambia tusimwongezee. Tulimwambia mtoto amepelekwa Chole, kwa mjomba. Tulidhani tutamwambia akipata nguvu. Nguvu zenyewe anazipata kwa kumngojea yule mtoto. Anakula ili aweze kusafiri kwenda Kisarawe. Ameniomba nimtafutie lori la kumpeleka baada ya mavuno. Mavuno yapi, sikumuuliza. Nami kila nikijipanga kumwambia, nachukua ndoo nakwenda kisimani hata kama maji yapo.

Kwa hiyo ukimwandikia mama, usitoe pole ya mtoto. Mtaje kama alivyokuwa. Najua ni dhambi ninayokutaka tuibebe wote wawili, na sijui tutaitua wapi. Sioni njia nyingine. Nimeitafuta sana.

Barua hii ukishaisoma ichome.

Mjomba Pazi na mkewe Mboni wanakusalimu. Shangazi Kidawa anakusalimu, anasema anakuombea kila Ijumaa. Kaka Jumbe hakutuma salamu, lakini mimi nakupa kwa niaba yake, usimhesabie. Wasalimu vijana wenzako wa kikosi, hasa huyo Anselmi uliyesema anakugawia sigara.

Mama anakusalimu sana. Nipo naye hapa, ameketi mkekani, anasikia kalamu inavyokwaruza na anajua nakuandikia wewe. Anasema Mungu akurudishe na viungo vyako vyote. Anasema pia kwamba, kama huko mjini wanauza, umletee Mwanahalima viatu vya plastiki vyekundu, vya kufunga, na uchukue saizi kubwa kidogo, kwani mpaka utakaporudi mguu wake utakuwa umekua. Ameniuliza kama nimeandika. Nimemwambia nimeandika.

Mola akulinde na kila shari ya majini na nchi kavu.

Mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Mwanaamina