Kachero Hayumo Katika Biblia

Uvira, Mulongwe
Tarehe 9 Juni

Kwako kaka yangu Rugema,

Nakusalimu kwa upendo wote wa nyumbani, wewe na shemeji Marie-Rose pamoja na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Kigoma, na kwamba kile kikohozi chako cha msimu wa vumbi hakijaanza tena. Sisi huku tunaendelea vizuri, Mungu anatutunza. Baba anakusalimu. Usiikunje barua, Rugema, nauona mkono wako kutoka huku. Nimesema baba anakusalimu, na safari hii si mimi niliyemtungia hizo salamu. Soma mpaka mwisho.

Nimeona niandike kwa sababu kila nikilitaja jina lake kwenye simu unaniambia mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Nampa Fiston, yule anayepakia mizigo kwenye boti za Kalundu, na nimemwambia akufuate mpaka shuleni kwako, hata kama uko darasani unafundisha.

Habari za hapa si mbaya sana. Ziwa limerudi nyuma kidogo mwaka huu, ingawa nyumba za kule chini bado zina maji sebuleni na watu wamezizoea kama zilivyo. Jirani yetu Noella, muuza ndagala, alihamia uani kwetu, katika parseli hii hii, baada ya maji kumtoa kwake, kwa hiyo sasa sote tunanuka samaki, na baba mchunga ng'ombe amekuwa mtu wa kufukuza paka kwenye mikeka ya ndagala. Tangu mapigano yatushushe kutoka mlimani Bijombo hajauzoea mji huu. Anamsalimia kila mwenye pikipiki anayepita, halafu anasimama kungoja ajibiwe. Asubuhi bado anatoka nje na fimbo yake kutazama ng'ombe ambao hatunao tena.

Macho yake ndiyo yanayonitia wasiwasi. Herufi zimeshamshinda, hata zile kubwa za Biblia. Sura ya mtu bado anaiona akisimama karibu, penye mwanga. Daktari alisema lile pazia la machoni linazidi kushuka, na kwa sukari aliyo nayo hathubutu kumpasua. Alisema tusitegemee kwamba mwakani ataona hata hicho anachokiona sasa. Nakueleza wazi kwa sababu wewe ni mkubwa wetu na ni haki yako kujua.

Wiki iliyopita nilipita pale sokoni alipokuwa akikaa Onesphore na gunia lake la vitabu. Sasa pale wanauza makava ya simu. Nilisimama kama mjinga mpaka muuzaji akaniuliza simu yangu ni ya aina gani. Nilikuwa nakukumbuka wewe, umetoka mlimani na siagi kichwani, unambadilishia Onesphore siagi kwa hadithi za Kitanzania zilizovuka ziwa, vitabu vyenye jalada lililochanika na harufu ya mafuta ya taa. Halafu unapanda navyo mlima mzima vikiwa vimefungwa tumboni, ndani ya shati, na kwenye mteremko wa mwisho unapiga mluzi ili nijue kwamba umeleta.

Tulikuwa na Kiswahili cha aina mbili tu sisi, cha Biblia na cha soko la Uvira. Cha vitabu vya Onesphore kilikuwa cha tatu, na tulikipenda kuliko vyote kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Unakumbuka kanuni yako? Neno geni haliulizwi. Linasubiriwa. Likija mara ya kwanza unaliacha lipite, likirudi unalitazama limekuja na nani, likirudi tena tayari ni lako. Mimi nilikuwa mdogo, nilitaka kujua papo hapo, nawe ulikuwa unanikatalia kwa maringo ya mwalimu hata kabla hujawa mwalimu. Ndiyo maana kwa muda mrefu niliamini bohari ni jela, maana kila aliyeingizwa bohari alifungiwa humo. Ulinitazama nikiogopa bohari na hukusema kitu. Sijasahau.

Na yule ndama mwekundu uliyempa jina la Machweo! Baba alilipenda jina lile akawatangazia wageni wote, akidhani umelitoa kwenye Zaburi. Na mimi nikiwakimbiza ndama nakoroma "ghafla bin vuu!" kwa sauti ya jambazi, mpaka bibi akasema mtoto huyu aombewe. Nacheka ninapoandika, Rugema, na machozi yananitoka pia. Machweo alichukuliwa pamoja na wengine wote siku ile tulipokimbia. Tulikuwa na furaha kubwa kwa vitu vidogo sana.

Kisha ikaja ile Jumapili. Sitaki kukuumiza, lakini siwezi kufika ninakokwenda bila kupitia hapo. Mchungaji mgeni kutoka ufuoni, kanisa limejaa, baba yetu shemasi amekaa mbele na koti lake la harusi, na wewe, mtoto wa shemasi, umeombwa ufunge ibada kwa sala. Ulikuwa umelikuta neno mahabuba mara nyingi kwenye hadithi, kila mara likitoka kinywani mwa mtu anayempenda mwingine na kumsihi kwa moyo wote. Ukaona basi ndilo neno la kumpa Mungu. Ukasimama ukasema, "Ee Mungu, mahabuba wetu." Sisi wa mlimani tukaitika amina. Mchungaji mgeni, aliyekuwa amesoma Tanzania, akaingiza uso wote ndani ya leso yake. Baada ya ibada alimuuliza baba, mbele ya wazee, kama kijana wake anamchumbia Mwenyezi Mungu.

Unajua yaliyofuata. Baba alipekua kitanda chako akaibuka na kile kitabu kisicho na jalada, kile cha kachero kijana aliyefungiwa katika bohari usiku. Ulikuwa umenisomea mpaka pale kufuli inapoanza kuzungushwa kutoka nje, na hatujui ni nani anayefungua. Ulikipigania kile kitabu. Ulimwambia baba maneno ambayo mtoto wa kwetu hamwambii baba, naye akasema katika nyumba yake kutakaa Neno moja tu, na anayetaka mengine akayatafute yanakotoka. Ukayafuata kweli. Ukashuka Uvira, ukavuka ziwa, ukawa mwalimu wa hicho hicho Kiswahili, na kwetu hukurudi hata kumzika bibi.

Sasa nisikilize. Jumanne iliyopita kofia ya baba ilipotea. Alinung'unika asubuhi nzima kwamba mji huu una wezi hata wa kofia za wazee. Mimi nikaona unyoya mlangoni, na mwingine karibu na kitanda, nikainama, nikamkuta kuku wa Noella ametulia chini ya kitanda ndani ya kofia, anataga. Nikaitoa kofia na yai lake. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Akaacha lugha yetu, akasema kwa Kiswahili, "Akaliza, weye uko kachero wa kweli!"

Nikatoka nje kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kachero. Hilo neno baba amelitoa wapi? Angesema mpelelezi nisingeshtuka, Yoshua alituma wapelelezi na baba anawajua wote. Nikamuuliza Noella, aliyezaliwa hapa na anayeongea na mji mzima, kama amewahi kusikia habari za kachero. Akawaza, akadhani ni jina la mtu wa mtaa fulani, akaniuliza, "Huyo Kachero iko anakaa mu kartie gani? Minye siyasikia hiyo jina." Nikawauliza wanawake wa ndagala, nikamuuliza mwenye redio. Hakuna. Basi Kiswahili cha soko kikawa kimetoka hatiani, kikabaki cha Biblia.

Nilirudi ndani nikamuuliza baba, kwa upole kama tulivyosoma kwamba mtuhumiwa huulizwa, lile neno la kachero ni la kitabu gani. Akasema ni la Biblia. Nikamwekea Biblia magotini nikamwomba anitajie sura, nitamsomea mimi. Akataja Yoshua. Nikamsomea Yoshua sura ya pili yote, na Rahabu wake. Akataja Hesabu. Nikamsomea. Akataja Waamuzi, na hapo sauti yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka kwa kicheko, au mimi nilidhani ni kicheko. Nilipoinua macho nikamwona analia.

Akaniambia nilete ule mfuko alioshuka nao kutoka Bijombo, ambao haruhusu mtu aushike. Sote tulidhani una hati za shamba. Rugema, kilikuwa ndani. Kimefungwa kwenye nailoni, bado hakina jalada. Watu walikimbia na masufuria na magodoro siku ile, na baba yetu alikimbia na Biblia pamoja na hadithi ya kachero.

Alinieleza polepole, na mimi nakueleza alivyosema. Alikichukua ili akichome. Ila kabla ya kuwasha moto alifungua ukurasa mmoja, ili amweleze Mungu kwa usahihi ni dhambi gani anayoichoma. Kikafunguka pale wewe ulipokuwa umekunja pembe, pale penye kufuli. Akasema mtu mzima hawezi kumchoma mwenzake akiwa amefungiwa ndani bila kujua kama atatoka. Akaanza mwanzo. Kilimchukua kiangazi kizima, akisomea machungani, kwa sababu ya maneno. Na maneno aliyasubiri yarudi. Kanuni yetu alikuwa ameisikia zamani, tulipokuwa tukibishana nyuma ya ng'ombe na kudhani amelala.

Alipomaliza alitamani sana kuongea na mtu juu ya mambo aliyoyasoma. Akasema Bijombo nzima ilikuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyekijua kile kitabu, naye alikuwa ameshamfukuza. Aibu ikamshika. Shemasi atatumaje habari ng'ambo ya ziwa kwamba amesoma? Akangoja uje mwenyewe. Nawe ukangoja uitwe. Nyinyi wawili mnafanana mno, na mimi katikati nimechoka, naomba uniruhusu niseme hivyo.

Basi nikamwuliza, kama ambavyo ungeuliza wewe, ni nani aliyekuwa akifungua ile kufuli. Akakifunika kitabu kwa mikono yote miwili. Akasema hilo hataniambia mimi, wala hataliandika, wala hatalisema kwenye simu. Atamwambia Rugema, uso kwa uso, kwa sababu Rugema ndiye aliyeachwa pale mlangoni. Nimejaribu chai ya maziwa, nimejaribu kununa. Hatoi. Na mimi nimeapa kutokifungua kile kitabu, ingawa kimewekwa chini ya mto wake na naweza kukichukua wakati wowote anapolala mchana.

Lakini aliniomba kitu kimoja. Karibu na mwisho kuna neno ambalo lilikuja mara moja tu na halikurudi tena, na amekaa nalo miaka yote hii bila kulipata. Ile sentensi anaijua kwa moyo. "Mzee akampokea kwa bashasha." Zaidi ya hapo hasemi kitu. Alitaka nikuulize wewe mwalimu hiyo bashasha ni nini. Alikisia kwamba labda ni chombo, kwamba mzee alimpokea mgeni kwa kitu fulani mkononi, kibuyu cha maziwa pengine, kama tunavyofanya sisi.

Maana yake mimi naijua, ulinifundisha wewe, tulipolikuta katika vile vitabu vingine. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nakuomba na wewe usimwandikie, wala usimpigie simu. Kanuni ni yako na usiivunje kwa ajili ya mzee. Neno limempitia mara moja. Inabaki lirudi, limekuja na wewe, na lirudi mapema wakati bado anaweza kuona uso wa mtu mlangoni.

Ukishuka Kalundu panda pikipiki, uliza anakokaa Noella wa ndagala, Mulongwe, kila mtu anapajua kwa harufu. Mchana baba hukaa mwenyewe karibu na mlango, penye mwanga. Usipige hodi ukiwa mbali. Msogelee.

Nisalimie sana shemeji, na wanao wabusu kwa niaba ya shangazi yao ambaye hawajamwona. Noella anakusalimu, anasema atakuwekea ndagala wa kukaanga. Kuku wake naye tumemwachia ile kofia, kwa sababu baba anasema ataivaa ile nyingine siku ya wageni.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Akaliza