Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Tampere, Finland
Ijumaa, 24 Januari 2025. Mwaka wa hamsini na mmoja tangu nitoke Kimulot, wa thelathini na saba tangu nikanyage uani kwako mara ya mwisho, wa sita tangu ututoke.

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili kama zamani. Barua zetu hazikuwahi kuwa za Kikipsigis, kwa sababu aliyekusomea na kukuandikia majibu alikuwa Nyabuto, karani wa kituo cha majani chai, Mkisii wa watu, na Kikipsigis chake kilikuwa cha kuulizia bei ya ng'ombe tu. Ulikuwa unaketi juu ya kikapu chako kilichopinduliwa, yeye anasoma kwa sauti, na wachumaji wote kwenye foleni wanasikiliza habari za mwanao. Nilijua hivyo, ndiyo maana nilichagua maneno. Leo hakuna foleni. Naweza kusema.

Mjukuu wangu yuko nyumbani kwako. Anaitwa Aino, lakini alipozaliwa nilimpa pia jina Chebet, na huko wanamwita hilo la pili. Ana miaka kumi na saba, umri niliokuwa nao nilipokuja huku kusoma mwaka mmoja nikikaa na familia nisiyoijua. Yeye amekwenda kwa mpango wa namna hiyo hiyo, ila amegeuza njia: ametoka huku, anasoma huko, shule ya kutwa, analala katika chumba ulichokuwa unawekea mbolea. Mwenyeji wake ni Chelangat. Mdogo wangu sasa ana nywele nyeupe, Mama, na bado anachuma chai kwa mikono miwili kama anayecheza ngoma.

Alifika Jumamosi iliyopita. Habari ya kwanza kunifikia ilikuwa ya baridi. Mtoto aliyezaliwa kwenye theluji alifungasha nguo za jua, kwa kuwa alikuwa anakwenda Afrika, nami nikasahau kumwambia kwamba Kimulot asubuhi ni friji lililoachwa wazi upande wa msitu wa Mau. Alitetemeka mpaka Chelangat akafungua sanduku lako akatoa ile sweta ya kijani. Amekwenda nayo shuleni juu ya yunifomu, mwalimu akamwacha aivae.

Chelangat alinipigia siku ya pili, anacheka. "Wewe ulimfundisha huyu mtoto Kiswahili gani? Anaongea kama mtu wa kusoma habari kwa redio. Namwambia lete maji, ananijibu, 'Nitayaleta sasa hivi, Kogo.' Mimi mpaka natafuta hiyo redio iko wapi."

Kogo, yaani bibi. Nilifurahi kwamba neno hilo alilijua bila kufundishwa nami.

Shuleni wasichana walimzunguka, wakamshika nywele, mmoja akamuuliza: "Wewe ni mzungu ama ni wa huku?" Akasema, "Mimi ni wa Kogo Chelangat." Yule msichana akafikiri kidogo. "Basi wewe ni wa huku," akamwambia, "lakini umechelewa." Aliponisimulia alidhani ni kichekesho. Nilicheka naye, kisha nikaweka simu mezani nikakaa.

Na chakula. Unakumbuka ulivyotulea: mgeni akiambiwa ongeza, anakataa, akiambiwa tena, anakataa kwa sauti ndogo, mara ya tatu anasukuma sahani. Mtoto wa adabu hakimbilii sufuria. Sasa huko Kimulot huyu Chebet anasema "hapana, asante" na maana yake ni hapana, na wanawake wanaomtembelea wanamwongezea ugali. Kufikia Jumatatu alikuwa analala chali kwa shibe.

Mimi lilinipata kinyume chake. Sikukuandikia kamwe. Jioni ya kwanza katika nyumba ya watu hawa, mwaka wa sabini na nne, mama mwenyeji alinisogezea bakuli la viazi akaniuliza kama nataka zaidi. Nilikuwa nimekula viazi viwili tangu uwanja wa ndege. Nikasema hapana, nikatazama chini, nikangoja aniulize mara ya pili. Akachukua bakuli akalirudisha jikoni. Alikuwa mwema, alikuwa ameniheshimu: nimesema hapana. Jioni ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nilikuwa nalala na tumbo linaongea lugha ambayo nyumba nzima hakuna anayeijua. Siku ya nne nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali, wote wakashtuka.

Wewe nilikuandikia kwamba watu ni wazuri, chakula ni kingi, kila siku nimeshiba. Jibu lilichukua wiki tano, kwa mwandiko wa Nyabuto ulioinama kama chai iliyopigwa na mvua ya mawe: "Mama yako anasema mtu aliyeshiba haandiki habari ya chakula mara nne katika ukurasa mmoja. Kula, mtoto. Hawatakubembeleza."

Ninayo barua hiyo. Nimeitoa leo asubuhi kabla ya kuanza kuandika hii.

Sasa nikuambie lililotokea.

Kibuyu changu kilikuwa bado kwenye ule msumari karibu na picha ya Baba. Unajua kuliko mimi tangu lini. Nilikinywea maziwa yako ya mwisho Desemba ya themanini na nane, na ulipokipokea kutoka mkononi mwangu ulisema, mbele ya watu, "Hiki hakuna mtu mwingine ataweka mdomo. Ni cha Kipkoech akirudi." Chelangat ameniambia kwamba kila Desemba uliendelea kukitengeneza: unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unasugua makaa yake ndani mpaka ukuta wote uwe mweusi, unajaza maziwa yagande, unafunika, unangoja. Januari ikifika bila mimi unawamiminia watoto kwenye vikombe, unakirudisha ukutani. Hukunilaumu. Ulikitia moshi tu. Ulipokufa yeye akaendelea, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

Chebet aliuliza hicho ni cha nani. Akaambiwa ni cha babu yako. Basi Jumatano alitoka shule mapema, Chelangat akiwa bado kituoni na majani yake, na mtoto akataka kufanya jambo la shukrani. Alikishusha. Alichungulia ndani akaona weusi, akahisi harufu ya moshi, akafikiri: maskini, kimekaa miaka mingi bila kuoshwa. Akachemsha maji. Akatia sabuni ya vyombo. Ile brashi ndefu ya kusafishia chupa yake ya maji, aliyokwenda nayo kutoka huku, iliingia shingoni mwa kibuyu kama iliyopimwa. Alisugua kwa saa nzima. Akabadilisha maji mara sita mpaka yakatoka meupe, akakianika juu ya kichanja, akanitumia picha.

"Babu, tazama! Kibuyu chako kinang'aa."

Kilikuwa kinang'aa kweli. Kilikuwa na rangi ya chungwa na jua la saa kumi limekiangukia. Nilitazama picha ile, nikajua ya kwamba kila Desemba uliyonitengenezea imemwagwa chini ya mgomba pamoja na povu. Na unajua nilimjibu nini? Niliandika: "Kimependeza sana."

Nimeshiba, Mama. Chakula ni kingi.

Chelangat alifika akiwa na kikapu mgongoni. Alikiona kutoka langoni. Anasema alisimama, akaketi juu ya ndoo, na kitu alichoweza kusema kilikuwa kimoja: "Umeosha mpaka Mama."

Mtoto akaelewa kwa uso wake kuliko kwa maneno. Akaanza kulia, akaleta simu, akamwonyesha jibu langu: lakini Babu amesema kimependeza! Hapo ndipo Chelangat alipoanza kucheka, akacheka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa ama nani ameolewa. Kisha akanipigia. Alikuwa ameshaacha kucheka.

"Usimgombeze huyu mtoto. Wewe ulikaa na njaa siku tatu kwa watu, yeye ameosha kibuyu. Nyinyi ni ukoo moja, mnaharibu kitu kwa heshima." Nilikuwa nimemsimulia ile habari ya viazi mwaka wa themanini na nane, akaapa hatakuambia. "Lakini wewe ndio nakuuliza. Kwa nini ulimwambia ni kizuri?"

Nikasema sikutaka ahuzunike.

"Hivyo ndivyo ulikuwa unaambia Mama pia. Mwaka ujao, mwaka ujao." Nilisikia kuku. "Sikia, Kipkoech. Hii kibuyu sasa ni mpya kama imetoka shamba. Lazima nianze moshi upya kabisa. Jumapili watu wanakuja kumkaribisha mtoto. Niambie kabla ya hiyo siku: natengenezea nani?"

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri tangu juzi.

Sababu ninayowapa watu ni Liisa, mke wangu, yule uliyemwita mrefu asiye na haraka. Ana ugonjwa wa kusahau. Kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani, namwambia, na anafurahi kana kwamba ndio kwanza tumekutana kwenye maktaba ile. Siwezi kumwacha. Hiyo ni kweli, lakini wewe ungehesabu nimeitaja mara ngapi katika ukurasa. Binti yetu amejitolea mara mbili kukaa naye wiki tatu. Tikiti haikuwa shida. Na ulipokufa Liisa alikuwa mzima, na kati ya habari na mazishi kulikuwa na siku tano, na ndege zilikuwepo. Nilikaa jikoni nikasoma ratiba zake mpaka siku tano zikaisha.

Niliogopa. Nilikuambia mwaka mmoja, ukawa mingi, na kila mwaka niliokaa uliifanya ile siku ya kuingia langoni iwe nzito zaidi: ningesema nini, nimeshika nini mkononi. Nikangoja kuitwa mara ya pili na ya tatu, nami nilikuwa mtu mzima, na mlikwisha kuniita. Halafu mwenye kunikabidhi kibuyu akaondoka. Sasa nikija nitapokewa na watoto wa watu niliosoma nao, watanipa kiti, wataongea nami Kiswahili polepole. Watakuwa na adabu. Nitakuwa mgeni kwako, na sitaki kuwa mgeni kwako. Hapa angalau ni ugeni nilioujifunza.

Nilipokuwa mdogo uliniambia jani la chai lisipochumwa kwa wakati wake halifi, linakuwa gumu tu, na mti unaendelea kuchipua pembeni yake. Ulikuwa unanifundisha kazi, si maisha. Lakini mtoto amechipua, Mama. Jana Chelangat alimpeleka kukata senetwet. Wameleta vijiti, vinakauka juu ya meko. Chebet ameniuliza kama siku ya kufunga shule nitakuja, anionyeshe jinsi anavyoweza kukitia moshi bila kukipasua. Nilianza kuandika "tutaona". Nikafuta.

Kesho asubuhi, kabla hawajatoka kuchuma, nitapiga simu. Nitamwambia mtoto kwamba kibuyu hakikupendeza, kwamba kiliniuma, na kwamba si kosa lake bali langu, kwa kuwa miaka yote hiyo nilimfundisha majina ya ng'ombe na sikumfundisha moshi. Nitamwambia Chelangat atengenezee Chebet. Jumapili akinywee mbele ya watu, mdomo kwenye mdomo wa kibuyu, na weusi umshike kwenye midomo, na mtu ampige picha.

Nakuahidi hili: sitaandika tena "mwaka ujao" kwa mtu yeyote wa nyumba yako.

Pumzika, Mama. Umengoja vizuri, na sasa umepata aliyekuja. Mwambie Nyabuto, kama mko foleni moja, kwamba hii anaweza kuisoma bila kupunguza sauti.

Mimi sitarudi Kimulot.

Mwanao,
Kipkoech