Maziwa Yaliyokataa Barafu

Molo, 4 Mei 2025

Kwa binti yangu Chemutai,

Natumai u mzima huko Nakuru na kazi inaenda. Hapa mvua haikatiki, na goti langu linanisumbua, lakini natembea. Watu wa kanisa wanakusalimu.

Shida yangu ni hii. Kiwanda chenu kimeambia kikundi chetu kwamba maziwa yangu yana maji. Mwenyekiti, Hezekiah, alinisomea hayo mbele ya wanawake wenzangu. Miaka yote kile kipimo cha kuelea cha hapa kituoni hakijanikataa. Sasa wanasema mna mashine mpya inayoyagandisha mpaka yawe barafu, halafu inajua. Barafu inajuaje? Nieleze, maana nimeaibika. Nampa Kosgei wa lori la maziwa akuletee hii. Kwa simu majirani watasikia.

Ni mimi, Mama.

Nakuru, 9 Mei 2025

Chamgei Mama,

Kosgei alinifikishia barua. Mimi mzima, ila kazi ni nyingi. Pole kwa goti, jikande na maji moto. Ng'ombe wetu, Rozi na Bahati, wanakula vizuri?

Chupa hutufikia na namba tu, hatuoni majina. Nimeulizia, yako ni namba kumi na nne.

Mashine iko hivi. Maji matupu hugeuka barafu kwa sifuri. Ili yawe barafu, chembe zake lazima zijipange na kushikana. Sasa maziwa yana sukari yake na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani, zinaingia katikati na kuharibu huo mpango. Kwa hivyo yanataka baridi zaidi, kama nusu digrii chini ya sifuri. Ukiongeza maji, hivyo vizuizi vinatawanyika, na barafu inakuja mapema. Hata kwa sufuria ni hivyo: maji ya chumvi huchelewa kidogo kuchemka. Na kila kitu hushikana kwa nguvu yake. Siagi huyeyuka kidoleni, lakini chumvi kavu hata moto wa jiko lako hauiyeyushi.

Kama huamini, weka vikombe viwili kwa friza ya jirani yako Wangu, kimoja maji matupu, kingine utie chumvi. Asubuhi utajionea.

Najua hujatia maji, Mama. Nadhani ni yale ya kusuuza yanayobaki kwenye mkebe. Uuinamishe kwa jua ukauke. Nimemwambia hivyo msimamizi wangu, na amenielewa.

Ni mwanao, Chemutai.

Molo, 20 Mei 2025

Chemutai wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Goti ni afadhali.

Tulifanya ile ya vikombe. Cha maji kilikuwa jiwe. Cha chumvi kilikuwa kinatikisika kama uji. Wangu alicheka, akasema siku hizi ninasoma sayansi uzeeni.

Mkebe nimeukausha, kwa hivyo usiwe na wasiwasi tena. Ng'ombe wako sawa. Ulisema utakuja mwezi wa sita, lakini barabara ni matope matupu. Ngoja kidogo.

Mama yako.

Nakuru, 3 Juni 2025

Mama,

Namba kumi na nne ilifika jana. Mimi ndiye nilikuwa kwa mashine. Ilifika nusu digrii chini ya sifuri, ikapita, ikashuka karibu digrii nzima ndipo ikashika barafu. Hakuna ng'ombe anayetoa maziwa ya namna hiyo. Nikatia dawa ya kupima chumvi, rangi ikabadilika.

Msimamizi akaniuliza, "Hii si ile ya mama yako?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nimeandika kama ilivyo na kuweka sahihi yangu. Nilikueleza ili ujue hatukukuonea, na wewe ukaenda jikoni na hiyo barua.

Nakuja Jumamosi, matope au hakuna matope.

Chemutai.

Molo, 3 Agosti 2025

Kwa binti yangu,

Nakusalimu. Sijaandika tangu uje, sikujua nianzie wapi.

Nilitaka unigombeze siku ile. Ulisimama zizini ukitazama upande wa Rozi, mtupu, ukauliza, "Alikufa lini?" Nikakuambia ni mwezi wa tatu, kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ukashika ufagio ukaanza kufagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Ulimnunua kwa mshahara wako wa kwanza. Maziwa yangepungua, Kosgei angekuambia, nami sikutaka uambiwe na mtu wa lori. Basi nikaongeza maji, na barua yako ilipofika, chumvi ikafuata maji.

Nilisimama mbele ya kikundi nikasema mwenyewe. Hezekiah alitaka nitolewe kabisa. Wangu akamuuliza, "Na Bahati atakunywa maziwa yake mwenyewe?" Baadhi walicheka. Walinisimamisha hadi mwisho wa Julai. Kuna wawili ambao mpaka leo hawanisalimii, nami sijawafuata.

Jana nilirudi kwenye foleni. Mkebe haukufika hata nusu. Karani akaangalia ndani, akaniangalia, akamimina chupa ya sampuli, akaandika kumi na nne.

Chupa hiyo itakuwa imekufikia kabla ya barua hii. Kama ni wewe uko kwa mashine, usiniandikie imesemaje. Ipime kama ya mtu yeyote.

Mama yako, Jerotich.