Kapsuli za Rangi ya Asali

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia jioni hii hii kwa mkono wa Shemeji, nawe uwe mzima, umeketi, miguu umeinyoosha kama ulivyoagizwa. Mimi ni mzima, ila si uzima wa kujisifia, na nitakueleza kwa nini. Mama mkwe wako unisalimie sana, umwambie lile koti analolisema bado nalivaa na halijatoboka.

Shemeji alikuja huku kufuata vipuri vya majokofu anayoyatengeneza, naye ataondoka saa tisa. Sasa ni saa saba kasorobo. Wenzangu wametoka kula, nimebaki masjala peke yangu na mafaili, naandika haraka kuliko nilivyozoea. Unisamehe mwandiko.

Dada, kabla hujaingia aya inayofuata, naomba unyanyuke, uende kwenye kabati la chumbani, uchukue ile chupa ya kapsuli za ngozi niliyokupa ulipokuja kunitembelea. Usimeze hata moja tena. Usizitupe pia. Zihesabu zilizobaki, uandike idadi yake nyuma ya bahasha hii, halafu urudi usome. Nakungoja.

Najua juzi nilikupigia simu nikakwambia zimepita muda wake. Ulicheka. Ukasema karani akishaona tarehe tu roho inamruka, kwamba dawa si nyanya, na kwamba utazimalizia hizo chache kwa sababu shingo yako haijawahi kuwa laini namna hii. Nami nikacheka, nikakata simu, nikabaki nimeishika mpaka mwanga wake ukazima. Leo asubuhi nimepiga tena. Akapokea mama mkwe wako, akasema umejipumzisha, na kama kuna neno nimwachie yeye. Neno lenyewe halikuwa la kumwachia mtu. Zile kapsuli hazijapita muda wake, Dada. Ni nzima kabisa, zina nguvu zote zilizoandikwa kwenye chupa, na hilo ndilo linalonitisha.

Acha nianze mwanzo, ili ujue nilifikaje hapa.

Uso wangu unaujua, kwa kuwa ndiwe uliyeuosha tangu mama alipotutoka. Lakini hujui ulivyokuwa mwaka huu. Mwezi wa pili walinitoa nyuma kwenye rafu wakaniweka dirishani kupokea barua za watu, na chunusi zikachagua wakati huo huo kunivaa mashavu yote mawili na paji la uso. Mzee mmoja alinipa barua yake kisha akairudisha mfukoni, akaniuliza mkubwa wangu yuko wapi. Mama mmoja wa hapa ofisini, tunamwita Bi Mihuri kwa sababu mihuri yote anaishika yeye, akaanza kuniita Balehe. Balehe, leta faili. Balehe, sauti imeshakuwa nzito au bado? Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo. Ila jina lilinasa, mpaka mlinzi wa getini akalitumia.

Nikajipa akili za kisomi. Nikasema uso unang'aa mafuta, chunusi zimejaa mafuta, basi adui ni mafuta na yanaingilia mdomoni. Nikayakata yote. Nilikula vya kuchemsha miezi minne. Kuku nilimvua ngozi, yai nililitoa kiini, karanga na parachichi nikavipita sokoni kama mtu anayemkwepa anayemdai. Na kwa kuwa mimi ndiye mimi, nilichora daftari lenye safu: tarehe, chakula, idadi ya chunusi. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikihesabu.

Chunusi hazikupungua. Kilichobadilika ni ngozi. Ilikauka mpaka nikivua shati jeusi naliona ndani limejaa unga. Viungo vya vidole vilipasuka. Siku moja nilimpelekea mkuu wetu faili, akanirudishia akiuliza nani amemruhusu karani mdogo kutumia wino mwekundu. Haukuwa wino.

Bi Mihuri akanionea huruma. Akaniletea chupa ya kapsuli laini, rangi ya asali, ambazo ndugu yake anauza. Vitamini A, akasema, dawa ya ngozi hiyo, na ukipona nitakutafutia jina jingine. Nikameza moja kila siku. Baada ya wiki sita uso ukatulia. Ndipo ulipokuja wewe kukaa nami, ukanishika kidevu mlangoni, ukanigeuza huku na huku kama mtu anayenunua sahani, ukauliza ni binti gani amenisugua. Usiku ule ule ukanionyesha vipele vya shingoni mwako na viwiko vilivyokauka, ukasema nawe unataka hicho kinachonisugua. Nikakununulia chupa yako kwa Bi Mihuri, ya kapsuli mia moja na ishirini. Nilijiona nimekuwa mtu, nakupa kitu wewe uliyenipa kila kitu.

Baada ya wewe kuondoka, midomo yangu ilianza kuchanika. Ngozi ikakauka tena. Nikadhani ni ukavu ule ule wa zamani umerudi, kwa hiyo nikaongeza kapsuli ya pili. Ilipozidi, nikaongeza ya tatu. Kichwa kikaanza kuniuma kwa nyuma kila ninapoinama kwenye rafu za chini. Nywele zikabaki kwenye kitana. Wiki tatu zilizopita namba za mafaili zikaanza kuwa na kivuli pembeni, tatu moja ikawa kama tatu mbili zilizopandana. Sikumwambia mtu. Niliamini nina uvimbe kichwani. Nikaanza kupanga vitu vyangu chumbani, vyeti huku, nguo kule, ili atakayevikuta asihangaike. Jua tu kwamba mdogo wako aliishi wiki mbili hivyo, akienda kazini na kusema habari za asubuhi kwa watu.

Jumanne ya wiki iliyopita nikajikaza nikaenda kwa daktari wa ngozi. Nilimwekea daftari mezani. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema hajawahi kupata mgonjwa mwenye faili kamili kuliko la hospitali. Kisha akanieleza taratibu, kama mwalimu. Mafuta ninayokula hayapandi moja kwa moja kwenda kutokea usoni. Mafuta ya usoni ngozi inayatengeneza yenyewe, kwa amri za mwili na umri. Lakini ngozi hiyo hiyo inahitaji mafuta ya chakula ili ishike maji yake, na nilipoyakata yote niliivua nguo. Karanga, samaki, parachichi, kijiko cha mafuta chunguni, hivyo sikupaswa kuvikimbia. Akasema kama nilitaka kushuku chakula, ningeanza na soda na maandazi yangu ya saa nne, ambayo hata daftarini sikuyaandika. Ni kweli, Dada. Sikuyaandika.

Akauliza nameza nini. Nikamwambia, nikamtolea na chupa. Hapo ndipo alipoacha kutabasamu. Akasema zipo vitamini ambazo ukizizidisha unazikojoa, na zipo zinazotembea ndani ya mafuta, hizo hazitoki upesi, zinajilundika kwenye ini siku baada ya siku. A ni mojawapo. Ukavu wa kwanza ulikuwa wa kunyimwa, ukavu wa pili ulikuwa wa kuzidishiwa, na kwa macho vinafanana. Kila nilipojitibu nilikuwa najiongezea sumu. Akanikataza kumeza hata moja, akasema kichwa kitaacha kuuma na macho yatarudi. Tayari namba zimepungua vivuli, kwa hiyo kwa ajili yangu usihangaike.

Alipokuwa anaandika, bila hata kuinua kichwa, aliuliza kama nyumbani kuna mwanamke anayezitumia pamoja nami. Nikasema hapana, naishi peke yangu. Sikudanganya. Sikukufikiria tu.

Jumamosi Shemeji akanipigia. Aliniita Mjomba. Nikamwambia amekosea namba. Akacheka mpaka akakohoa, akasema hajakosea, ni wiki ya kumi, mlikuwa mnaogopa kusema mapema. Dada, nilishangilia. Nilisikia sauti yangu ikishangilia. Kisha nikakaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafungua. Nitakuandikia alichosema bila kuongeza wala kupunguza. Alisema mwanamke mjamzito asizidishe vipimo elfu kumi vya vitamini hiyo kwa siku, vile vilivyoandikwa IU kwenye chupa, na kapsuli yako moja ina elfu ishirini na tano. Alisema ikizidi sana miezi ya mwanzo, mtoto anapoumbwa, inaweza kumdhuru usoni, moyoni au kichwani. Nikamuuliza kama ni lazima. Akasema si lazima, wengi huzaliwa wazima, na hakuna mtu anayeweza kukujibu akiwa mbali. Watu wa kliniki watahitaji idadi ya kapsuli ulizomeza, tarehe uliyoanza na siku ulizoruka, na picha ya ultrasaundi, pengine zaidi ya moja kadiri mimba inavyokua. Alisema pia uache maini kwa sasa, kwa kuwa yamejaa vitamini hiyo hiyo. Shemeji ameniambia mama yake anakupikia maini mara tatu kwa wiki ili kukuongezea damu. Mwambie tu kliniki wamekataza. Mboga za majani na karoti kula bila hofu, na mafuta ya chakula pia. Nimeweka ndani ya bahasha ile karatasi ya maelezo iliyokuja na chupa yangu. Kesho asubuhi uende nayo kliniki, pamoja na chupa na barua hii.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu salamu.

Utaiona karatasi hiyo ni ndefu, pande mbili, herufi ndogo. Wewe hukuipata, yako niliitoa. Ulichopata wewe ni kadi niliyoipiga chapa hapa hapa ninapokaa. Mkuu wetu hasomi barua yoyote inayozidi nusu ukurasa. Anasema jambo lisilokaa nusu ukurasa halijaeleweka na aliyelileta. Kazi yangu kila siku ni kufupisha barua za watu, natoa maneno ya kujihami, naacha kiini, na nimesifiwa kwa hilo. Nikakufupishia na wewe. Moja kila asubuhi, baada ya chakula, weka mbali na jua.

Utadhani nililiruka onyo kwa kutolisoma. Ningependa udhani hivyo. Ukweli ni kwamba nililisoma mara mbili. Limezungushiwa mistari minene, hata asiyejua kusoma angesimama hapo. Nililipiga chapa, Dada, lilikuwepo kwenye kadi yako, mstari wa nne. Kisha nikakumbuka kile chumba kidogo mlichokipaka rangi ya njano mwaka wa kwanza wa ndoa, na siku niliyokuja likizo nikakuta mmekijaza magunia na vyuma vya majokofu, nawe ukaniambia bila kunitazama kwamba nyumba ilikuwa inahitaji stoo. Miaka saba. Nilikuwazia umekaa kitandani, umeshika zawadi ya mdogo wako, unakutana na mstari ule. Nikaona ni ukatili. Nikaufuta, nikapiga kadi nyingine safi. Nilijisifu moyoni kwamba mimi ni ndugu mwenye kujali.

Shemeji hajui lolote. Leo ameniita Mjomba mara nne, na mara ya nne mbele ya Bi Mihuri, ambaye amesema basi Balehe limekufa, jina jipya limepatikana lenyewe. Kumwambia Shemeji au kutomwambia utaamua wewe. Ningeweza kupanda naye gari leo, ruhusa ya kazi nimeshaipata tangu asubuhi. Nimeshindwa kukaa saa nne kando yake na bahasha hii kati yetu, na nimeogopa kusimama mbele yako unapoisoma. Kesho nitakuja kwa gari la kwanza, nitafika kabla ya saa nne. Kama utakuwa umekwenda kliniki, nitakufuata huko. Kama hutaki kuniona, nitakaa nje kwenye benchi, na utakapotoka utanipita tu. Nitataka tu kukuona unavyotembea.

Wanaanza kurudi, nasikia viatu vyao kwenye ngazi. Wasalimie wote hapo nyumbani, majirani wanaoniulizia, na fundi wa Shemeji. Mwenyezi Mungu akulinde, na huyo uliye naye.

Nakuandikia sasa mstari wako, kama ulivyokuwa kwenye kadi kabla sijaufuta: Isitumiwe na mwanamke mjamzito, wala anayetarajia kupata mimba.

Nilidhani hutarajii tena. Kwa hilo, Dada, kabla ya yote mengine, nisamehe.

Ni mimi mdogo wako, uliyenilea.