Mwanao Hakungoja

Rebero, Kigali

Mchungaji Simeoni, rafiki yangu,

Uniwie radhi kwa kimya changu. Siku tulipokuzika nilimwahidi mkeo kwamba nitaendelea kukuandikia habari za kanisa, kama nilivyofanya kila uliposafiri. Sikuandika hata neno moja. Niliketi na kalamu, na kila nilipofikia habari za Natanaeli nikaiweka chini. Ni vigumu kumshtaki mtoto kwa baba yake, na ni vigumu zaidi baba akiwa hawezi kujibu.

Vita ulivyoviacha vikianza kule kaskazini havijaisha. Barabarani kuna vizuizi, na mtu hapiti bila kibali. Jua likishuka, kila mtu hutakiwa awe kwake. Ibada yetu ya Kiswahili imepungua sana: madereva wa Tanzania hawalali tena mjini, na ndugu wa Kongo wengi wamerudi kwao. Kiti chako kimefunikwa kitambaa alichokifuma mkeo, na hakuna anayekikalia. Nimeyazoea mambo mengi tangu utuache. Hilo bado.

Mchungaji mwingine hatujapewa. Tumepewa kwa muda yule wa Bugesera, aje kutulisha Meza ya Bwana anapoweza. Agizo ulilolitoa ukiwa kitandani ningali nalisikia: asiyewekewa mikono kuwa mchungaji asiiandalie watu Meza, hata mkikaa mwaka mzima bila kuila. Natanaeli alikuwa amekushikia bakuli la uji. Alijibu, "Ndiyo, Papa."

Basi ikaja Jumapili moja ambapo familia kadhaa zilikuwa zikijiandaa kuhamia Tanzania kesho yake. Ziliomba kwanza zishiriki Meza pamoja nasi. Mchungaji wa Bugesera aliahidi kufika kabla ya adhuhuri. Tulingoja. Tuliimba hata nyimbo zikatuishia, tukarudia zile za mwanzo. Watoto walilala kwenye mikeka. Alasiri watu wakaanza kuinuka, kwa kuwa wengine walikuwa na safari ndefu hadi Kagugu. Mama Adela, yule wa Bukavu, alinishika mkono akasema, "Mwalimu, jua inaenda. Na sisi kesho hatuko." Nikamwambia tungoje.

Natanaeli alitoka. Aliporudi alikuwa amebeba vikombe vya chai vya mama yake na jagi la maji ya ndizi, kwa sababu vyombo vya Meza viko kabatini na ufunguo anao mchungaji. Akasimama mahali pako. Hakunitazama. Mimi nilitoka nikasimama uani, na kupitia dirishani nikamsikia akisema maneno yale kwa sauti yako. Si kwamba aliiga. Ni sauti yako aliyoirithi. Niliegemea ukuta.

Kikombe cha mwisho kilikuwa kingali mikononi mwa Mama Adela mchungaji alipoingia kwa miguu, vumbi hadi magotini. Askari walikuwa wamemzuia kwenye kizuizi cha Gahanga tangu asubuhi. Akauliza, "Mmefanya nini hapa?" Natanaeli akajibu, "Niliona watu wanaondoka."

Rafiki yangu, nililijua jibu hilo. Ni jibu la mfalme Sauli kwa Samweli kule Gilgali. Yeye naye aliambiwa angoje. Alingoja siku zote alizowekewa, watu wakatawanyika, adui yu karibu, naye akaitoa sadaka kwa mkono usiostahili. Mara tu alipomaliza, Samweli akatokea. Nimewafundisha watoto habari hiyo miaka mingi, na nimewaambia kwamba kosa la Sauli lilionekana dogo kwa sababu lilikuwa na sura ya ibada. Hakuiba, hakuua. Alifanya jambo jema lisilokuwa lake. Na kwa ajili hiyo aliambiwa ufalme wake hautadumu.

Zamani ulinicheka nilipolisema hili. "Mwalimu," ulisema, "wewe hata malaika akija utamwuliza kwa nini amechelewa." Lakini sasa ungeona matunda ya kosa kama hilo. Mzee Petro wa Kagugu amembatiza mjukuu wake mwenyewe kwenye beseni la kufulia. Nilipomkemea alijibu, "Mtoto wa mchungaji aliweza, mimi ni nani nisiweze?" Wapo wanaosema Natanaeli ni mtakatifu, na wapo wasiokaa naye benchi moja. Tulikuwa wachache, sasa tu wachache tuliogawanyika. Uasi hauishi siku ulipotendwa. Hilo siwezi kulipunguza hata kwa ajili yako.

Baraza la wazee limeniachia mimi neno la mwisho. Natanaeli alikuwa aende chuo cha wachungaji, kama ulivyotamani. Nikikataa, hataenda kamwe, kwa maana hakuna baraza jingine litakalompokea aliyekataliwa na kwao.

Nilimwita. Nilitaraji ajitetee kama Sauli. Alikaa akitazama viatu vyake, kisha akasema, "Nilikosa, Mwalimu. Nilivunja neno la Papa. Lakini wakiniomba tena, sijui nitafanya nini." Nilimwambia kwamba hiyo si toba kamili. Akasema, "Najua. Sitaki kukudanganya." Mkeo alikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akilia, na hakuingia kumwombea msamaha, kwa kuwa anatuheshimu.

Unaelewa kinachonisumbua. Sauli alitoa sababu. Huyu, nilipomwita, hakutoa tena. Na tangu hapo nakumbuka jinsi ulivyokuwa ukihubiri habari hiyo. Mimi niliishia kwenye hukumu. Wewe uliendelea hadi mahali ambapo Samweli, aliyeitamka hukumu hiyo, anamlilia Sauli hata Mungu anamwuliza atalia mpaka lini. Ulikuwa ukifunga Biblia hapo, na mimi, nikiwa benchi la mbele, niliona kwamba umeacha mahubiri bila mwisho. Siku hizi nalisoma fungu hilo peke yangu. Machozi ya Samweli hayakumrudishia Sauli ufalme. Hilo ni kweli. Lakini alilia, na mimi katika kesi hii yote sijalia bado, ila sasa ninapokuandikia.

Kati ya walioondoka kesho yake, wapo ambao hatujapata habari zao. Mama Adela ni mmoja wao.

Lala salama, ndugu yangu. Mkeo anakula vizuri kidogo, na paa la jikoni tumelitengeneza. Jumamosi baraza litaketi. Neno langu, liwe ndiyo au liwe hapana, nitamwambia Natanaeli kwanza, ana kwa ana, kabla wazee hawajalisikia. Kisha nitakuandikia wewe. Na kama ni hapana, barua hiyo sitaiandika tu nikaiweka. Nitakuja kaburini nikusomee mwenyewe, nikiwa nimevua kofia.

Wako,
Mwalimu